Padi ya ndani haionekani: shajara ya breki za IST, kilomita 0 hadi 37,200

Gari ni Toyota IST, otomatiki, diski mbele na dramu nyuma. Padi ni vipande vinavyoibana diski ili gari lisimame, na nyama ni ile sehemu yake inayolika. Naiendesha mwenyewe siku sita kwa wiki, Mbezi hadi mjini Dar es Salaam na kurudi, na mara moja moja safari ya Iringa kwa wazazi. Nafundisha fizikia sekondari. Shajara hii imehesabiwa kwa kilomita na si kwa tarehe, maana breki hulika kwa mwendo. Gari lililolala uani mwezi mzima halijala kitu.

Chanzo chake ni hiki. Kabla ya safari moja niliipeleka gari gereji ikaguliwe. Fundi wa zamu aliinama, akamulika kwa tochi ya simu katikati ya matundu ya rimu, akanyanyuka: "Padi bado zina nyama hizi, nenda tu." Nikaenda. Wiki mbili baadaye mbele kushoto pakaanza kulia filimbi nyembamba kila nikigusa pedali, na nikiiachia inanyamaza. Nilimwamini yule fundi, na hakuwa amedanganya, kwa sababu kile alichokiona kilikuwa kweli kina nyama. Ila alikiona kipande kimoja kati ya vinne.

Nataka kujua mambo mawili. Padi za gari langu zinalika kwa kasi gani? Na zinalika sawasawa?

KILOMITA 0 (dashibodi 142,310)

Nimefungua magurudumu ya mbele kwa fundi mwingine, jirani yangu, mtu mzima mwenye subira na kijana mmoja anayejifunza kazi. Nilimwomba nipime kila padi kabla haijatupwa. Nimepima nyama peke yake, bila bamba la chuma inakogandishwa.

Kushoto nje: milimita 6.2.
Kushoto ndani: 1.4.
Kulia nje: 5.3.
Kulia ndani: 4.7.

Nilizipanga chini kwenye boksi, tukazitazama wote watatu. Ile ya kushoto nje ndiyo inayoonekana kwenye matundu ya rimu. Ile ya 1.4 imejificha nyuma ya diski, upande wa injini, na hakuna tochi inayoifikia gurudumu likiwa limefungwa. Filimbi niliyoisikia ilikuwa ya kilimi kidogo cha chuma kilichopigwa ribiti kwenye bamba la padi ya ndani. Kimekunjwa makusudi ili nyama ikibaki kama milimita 2 kianze kugusa diski na kupiga kelele. Ni kengele ya bei ndogo na inafanya kazi. Padi nyingi za bei ya chini hazina kilimi hicho, kwa hiyo ukimya si ushahidi kwamba mambo ni mazuri.

Kwa nini zimepishana hivyo? Kalipa, kile kifaa kinachoshika padi mbili na kuzibana kwenye diski, kwenye IST kama kwenye magari mengi madogo, ina pistoni moja tu, upande wa ndani. Ukikanyaga, pistoni inasukuma padi ya ndani ibane diski, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta padi ya nje ibane upande wa pili. Pini zikiteleza vizuri, padi mbili hugawana kazi. Pini ikikwama, ya ndani inabeba mzigo, na hata ukiachia pedali inabaki ikijisugua kwenye diski. Fundi aliivuta pini ya chini kwa mkono, haikuja. Aliigonga taratibu, ikatoka imevaa ute mweusi mgumu kama lami iliyopoa. Kuna mtu, miaka ya nyuma, alipaka grisi ya kawaida, ile ya bearingi. Grisi ya namna hiyo huvimbisha mpira wa pini, na joto la breki likiipata inaganda. Panapohitajika ni grisi ya silikoni ya breki.

"Mwalimu, umeona?" fundi akasema. "Wewe ungelaumu padi. Padi haina kosa."

Diski ya kushoto ina mikwaruzo lakini haijachimbika. Kwenye kofia ya kila diski kiwandani hupigwa chapa unene wa mwisho unaoruhusiwa, na kila gari ina namba yake. Yangu imebaki 0.9 mm juu ya namba hiyo, kwa hiyo imebaki garini. Ingekuwa chini, nisingeikubali hata kwa bure, kwa sababu diski nyembamba haina pa kuhifadhi joto.

Jambo moja nililikataa. Kijana alishika mpira wa kompresa apulize vumbi la breki. Nilimwomba asifanye hivyo. Padi za zamani zilikuwa na asbesto, na huwezi kujua kwa macho padi iliyo kwenye gari la mtumba ilitengenezwa na nini. Hata isiyo na asbesto ni unga mwembamba sana wa metali na resini, na kifua hakina haja nao. Tuliosha kwa maji ya sabuni na tambara.

KUNUNUA

Nimezunguka Gerezani, Kariakoo, nusu siku. Siandiki bei kwa sababu zinabadilika wiki hadi wiki na duka hadi duka. Naandika nilichokuwa nakitafuta: herufi mbili kwenye ukingo wa bamba au pembeni mwa nyama, mwishoni mwa mlolongo wa namba. Ni alama ya msuguano. Herufi ya kwanza ni ya padi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto sana. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Padi ya FF inashika karibu sawasawa ikiwa baridi au moto. Padi ya FE inalegea inapopata moto, yaani pale hasa unapoihitaji.

Maduka matatu yaliniuzia maneno: "Hii orijino, mwalimu, hii ya Japani." Nilipogeuza bamba, herufi hazikuwepo, na namba ya kundi haikuwepo. Nilinunua FF duka la nne. Herufi hizo hazisemi padi itadumu kilomita ngapi, zinasema tu inashika kiasi gani, na mtu anaweza kuzighushi pia. Lakini padi isiyo na maandishi yoyote imenyimwa hata nafasi ya kuulizwa.

NAMNA YA KUPIMA

Kabla ya kuamini venia yangu, chombo ninachopimia unene, niliipima yenyewe. Nilipima padi moja mpya mara tano, kila mara nikiiweka chini na kuishika upya. Nilipata 10.4, 10.5, 10.6, 10.5, 10.4. Skrini inaonyesha hadi sehemu ya mia ya milimita, lakini mkono wangu haufiki huko. Tofauti yoyote isiyozidi 0.2 nitaihesabu kuwa si kitu. Hii naiandika mapema ili nisije kujidanganya baadaye.

Padi zote nne zimeanza 10.5.

Kurudisha pistoni ndani kulihitaji klempu na utaratibu. Unapoisukuma, mafuta ya breki yanarudi kwenye kikopo juu, na kama mtu alikuwa akijaza kila yaliposhuka, yatafurika na kula rangi ya gari. Tulifungua kifuniko, tukazungushia tambara, tukasukuma polepole.

Kisha nikaingia garini, nikawasha, nikashika gia. Kijana akapiga boneti kwa kiganja: "Pedali, mwalimu!" Nilikuwa sijaikanyaga. Pistoni ilikuwa imerudi ndani kabisa na pedali ingeenda hadi sakafuni bila kushika chochote, na mbele yangu palikuwa na ukuta. Nimekanyaga mara saba ndipo ikawa ngumu. Kijana yule namshukuru hapa kwa maandishi.

Nati za tairi nimezikaza kwa wilispana, kisha kwa spana ya kipimo hadi Nm (nyutonimita) 103, ambayo ndiyo namba ya Toyota ndogo nyingi.

KILOMITA 0 HADI 300: KUZIZOEZA

Padi mpya na diski ya zamani hazijuani bado. Usiku barabara ikiwa tupu nilifanya mara kumi na tano hivi: kilomita 50 kwa saa, nakanyaga kwa nguvu ya wastani hadi 10, naachia, naendesha kidogo zipoe, narudia. Sikusimama kabisa nikiwa nimebana pedali, kwa sababu padi ya moto ikikaa mahali pamoja juu ya diski huacha doa la nyama yake hapo, na baadaye pedali inatetemeka. Watu wengi husema diski "imepinda" kumbe ina madoa hayo, au unene wake haulingani pande zote. Padi mpya haitibu mtetemo wa namna hiyo.

KILOMITA 5,120

Kushoto ndani 9.5, kushoto nje 9.7, kulia ndani 9.6, kulia nje 9.7. Ziko sawa ndani ya kosa la mkono wangu.

KILOMITA 10,400

Kushoto ndani 8.5, nje 8.8. Kulia ndani 8.6, nje 8.8.

Nyama imekwenda milimita 2 kwa kilomita 10,400, yaani 0.19 kwa kila kilomita 1,000. Kutoka 10.5 hadi 3, ambapo nimeamua nitabadilisha, ni milimita 7.5. Kwa mwendo huu nitafika kilomita 39,000 hivi. Hiyo namba ni ya gari langu, mguu wangu na foleni yangu. Mwenye kuendesha Dodoma hadi Singida kila wiki anaweza kuizidisha mara mbili, na dereva wa teksi anayezunguka Kariakoo mchana kutwa hataifikia.

Asubuhi moja nilihesabu kwa kibonyezo cha kuhesabia mifugo: kutoka Mbezi hadi Posta nimegusa breki mara 143. Nyingi ni za kutoka kilomita 20 kwa saa hadi sifuri. Nikawapa kidato cha nne hesabu hiyo. Gari na watu wake ni kilo 1,200. Kusimama kutoka 80 kwa saa ni nishati ya kilojuli 296. Kutoka 40 ni 74. Kutoka 20 ni 18.5 tu. Mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya padi inazidi mara nne. Mwanafunzi mmoja wa kike akauliza: kama ni hivyo, kwa nini foleni inasifika kwa kumaliza padi? Swali zuri sana. Jibu nililompa: foleni inamaliza kwa wingi, si kwa ukali. Breki moja ya mwendo wa 80 ni sawa na kumi na sita za mwendo wa 20. Mimi natumia 143 kabla sijafika kazini, na jioni narudi.

KILOMITA 11,050 HADI 12,100: KITONGA

Nimekuwa nikiisubiri safari hii. Kwenda Iringa ni kupanda Kitonga, kurudi ni kuteremka, na wanaoujua mlima ule wanajua harufu inayosikika kwenye kona za chini: nyama ya padi inayoungua, tamu na kali, imeganda hewani juu ya malori.

Nilipima kabla sijaondoka na nilipima Mbezi baada ya kurudi. Kushoto ndani 8.4 kisha 8.2. Kulia ndani 8.5 kisha 8.4. Kwa kanuni niliyojiwekea, hiyo si kitu. Nilitarajia Kitonga ionekane kwenye venia, haikuonekana.

Sababu naijua. Nilipofika kileleni nilitoa gia kwenye D nikaiweka 2, na penye mteremko mkali L, injini ikanguruma na kulishika gari. Breki niliigusa kwa vipindi: nakanyaga kwa uhakika, mwendo unapungua, naachia zipoe. Sikuiegemea. Kila mita 100 za kushuka kwa kimo, gari la kilo 1,200 linaachilia karibu kilojuli 1,180, sawa na kulisimamisha mara nne kutoka mwendo wa 80. Nishati hiyo lazima iende mahali. Ama injini inaichukua, ama diski zinaichukua na kuwa nyekundu.

Zikipata moto kupita kiasi hutokea mambo mawili, na madereva huyachanganya. La kwanza, resini iliyoshika nyama ya padi inatoa gesi, na gesi inakaa katikati ya padi na diski. Pedali inabaki ngumu lakini gari halishikiki. La pili, mafuta ya breki yanachemka ndani ya kalipa na kuwa na mapovu. Hapo pedali inakuwa laini kama sponji na inazama. La kwanza ni la padi, la pili ni la mafuta. Hayana dawa moja, ila kinga yao ni moja, gia ndogo tangu juu. Ukisubiri mpaka breki ichoke ndipo ushushe gia, umechelewa.

Husimuliwa kwamba mwaka 1897 huko Derbyshire, Uingereza, Herbert Frood aliona waendesha mikokoteni wakipachika viatu vikuukuu kwenye breki zao wanapoteremka vilima, ngozi ikashika kuliko ubao mtupu. Kutoka hapo akaanza kutengeneza nyama za breki, na jina la kampuni yake, Ferodo, lipo hadi leo. Nikiwa nyuma ya lori pale Kitonga niliwaza kwamba mlima ndio uliomfundisha yule bwana, na ndio unaotufundisha sisi.

Jirani yangu mwenye Noah alisafiri wiki hiyo hiyo, watu saba na mizigo juu, kwenye D mwanzo hadi mwisho. Kabla: 5.1. Baada: 4.3, na diski zimepata rangi ya bluu. Gari ni jingine na uzito ni mwingine, kwa hiyo siweki namba zake kwenye jedwali langu. Lakini nimemshawishi ajue lilipo L.

KILOMITA 16,000

Sikupima. Ilikuwa wiki ya kusimamia mitihani. Nafasi hii kwenye daftari imebaki tupu na ninaijutia, kwa sababu ya kinachofuata.

KILOMITA 21,300

Kushoto ndani 5.9. Kushoto nje 7.0. Kulia ndani 6.7, nje 7.0.

Kushoto pamepishana 1.1. Mara ya mwisho palipishana 0.3. Hiyo si kosa la mkono.

Nikavuta pini ya chini ya kushoto. Imekuja, lakini kwa kusitasita, na ndani ya mpira wake mna tope. Mpira umechanika kidogo kwenye shingo, mchaniko wa urefu wa punje ya mchele. Masika yote haya nimepita Jangwani kwenye maji yaliyofika katikati ya tairi. Maji ya mchanga yameingia, grisi imetoka. Kama ningepima kilomita 16,000 ningeliona hili likiwa dogo.

Mpira mpya, pini imesuguliwa kwa tambara na msasa laini, grisi ya silikoni, ikateleza kwa kidole kimoja. Kazi ya dakika arobaini. Hasara ya mchaniko ule ni milimita 0.8 za nyama, ambazo kwa mwendo wangu ni kama kilomita 4,000.

Fundi ameanza kuvuta pini za kila gari linaloingia kwake kwa kazi ya breki, hata kama mwenye gari amekuja kubadilishiwa padi tu. Hajasema kwamba ni kwa ajili ya daftari langu, na mimi sikuuliza.

KILOMITA 23,000: KIPIMO CHA DRILI

Venia inataka padi itolewe. Watu hawatatoa padi. Nilitaka kitu ambacho dereva yeyote anaweza kutumia gurudumu likiwa limetolewa tu, kalipa ikiwa mahali pake.

Jibu lilikuwa kwenye boksi la zana. Mkia wa drili ya milimita 3 una unene wa milimita 3, ni laini na hauna meno. Wa drili ya 6 una 6. Bamba la chuma la padi kwa kawaida linazidi kidogo urefu wa nyama, kwa hiyo kwenye ncha kuna nafasi kati ya bamba na diski, na nafasi hiyo ndiyo unene wa nyama iliyobaki. Chomeka mkia hapo. Wa 6 ukiingia, una safari ndefu bado. Wa 6 ukikataa na wa 3 ukaingia, anza kuweka pesa pembeni na upime kila mwezi. Wa 3 ukikataa, gari haliendi Kitonga, linaenda kwa fundi.

Nimepaka mkia wa 6 rangi ya kucha ya kijani na wa 3 nyekundu, kwa msaada wa chupa za mke wangu. Kwa asiye na drili, spoku ya baiskeli ya kawaida ina milimita 2. Spoku ikikataa, uko kwenye eneo la filimbi.

Kipimo kinafanyika mara mbili kila gurudumu, nje na ndani. Mtu akipima nje tu akafunga, hajapima.

KILOMITA 27,000

Kushoto ndani 4.9, nje 6.0. Kulia ndani 5.7, nje 6.0. Pengo la kushoto limebaki 1.1 lile lile, halijaongezeka. Pini inateleza.

Jumamosi nimepima magari saba ya walimu wenzangu uwanjani shuleni, jeki moja, stendi moja, mawe nyuma ya tairi. Manne yalikuwa sawa. Mawili padi za ndani zilikuwa nyembamba kuliko za nje kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. La saba ni la mwalimu mkubwa kwangu kiumri, mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Nje drili ya kijani ilikaribia kuingia. Ndani, nyekundu ilikataa, na spoku ikakataa. Nilipomulika kwa chini niliona mng'aro: pembe ya bamba ilikuwa imeshaanza kugusa diski, chuma kwa chuma. Padi ilikuwa imelika mshazari, juu ina nyama kidogo na chini haina kabisa.

"Mbona haipigi kelele?" akauliza.

"Padi hizi hazina kilimi, mzee."

Alikaa kimya. Alikuwa na wajukuu watatu wa kupeleka Morogoro siku iliyofuata. Alikwenda kwa basi, na gari likaenda kwa fundi: padi za magurudumu yote mawili ya mbele, maana hubadilishwa kwa jozi ya ekseli ili gari lisivute upande mmoja, na diski moja.

Breki za nyuma nazo tumezitazama kwenye magari matatu. Kwenye dramu padi hakuna, kuna breki shuu, na zinalika polepole zaidi kwa sababu ukikanyaga uzito wa gari unakimbilia mbele. Magurudumu ya mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi. Kwangu shuu zimepungua kiasi ambacho venia haikukiona.

KILOMITA 33,500

Kushoto ndani 3.8, nje 4.9. Kulia ndani 4.6, nje 4.9.

Kikopo cha mafuta ya breki kimeshuka hadi karibu na MIN. Kwenye kituo cha mafuta kijana alifungua boneti akaniambia panahitaji kujazwa, akashika chupa. Nilimwomba asubiri, nikamweleza, naye akasikiliza kwa makini. Padi zikilika, pistoni zinatoka nje zaidi na nafasi iliyo nyuma yake inajazwa na mafuta kutoka kikopo. Kushuka huko kidogo kidogo ni shajara nyingine ya padi, imeandikwa chini ya boneti. Ukijaza, umefuta maandishi. Kikishuka ghafla ni jambo jingine: kuna mahali panavuja, na gari lisiondoke hapo.

Yabadilishwe yanapotimiza miaka miwili, hiyo ndiyo sababu ya kuyagusa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na Dar es Salaam unyevu haukosekani. DOT 3 na DOT 4 ni madaraja ya mafuta hayo. DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji ya kutosha kiwango chake kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishanyonya maji. Nimebadilisha yote, nimeweka DOT 4.

KILOMITA 37,200

Kushoto ndani 3.1. Kushoto nje 4.3. Kulia ndani 3.9, nje 4.3.

Drili nyekundu imeingia kwa kusugua. Wiki ijayo ni safari ya Iringa. Vitabu vya Toyota nyingi huandika milimita 1.0 kuwa mwisho kabisa, na kuna watakaosema natupa milimita mbili za pesa. Sizitupi. Padi nene ni ukuta kati ya diski ya moto na pistoni yenye mafuta nyuma yake, na ukuta unavyopungua joto linafika kwenye mafuta upesi. Milimita tatu mjini ni akiba. Milimita moja nukta kitu nikiwa na familia juu ya Kitonga siitaki.

Tumezitoa. Hazina ufa, hazing'ai kama kioo, nyama haijaachana na bamba popote. Zimelika kwa adabu, isipokuwa ile ya ndani kushoto ambayo bado inabeba kovu la mpira uliochanika. Diski ya kushoto imebaki 0.5 juu ya chapa yake. Itamaliza seti hii mpya, halafu itaondoka pamoja na mwenzake.

Kijana wa fundi ndiye aliyefanya kazi yote safari hii. Alivuta pini nne kabla hajagusa padi, akanionyesha kila moja. Alipomaliza kufunga aliingia mwenyewe garini, akakanyaga pedali mpaka ikawa ngumu, ndipo akanipa funguo. Seti mbili za drili zilizopakwa rangi zimebaki zinaning'inia kwenye msumari pale gereji, moja yake, moja ya yeyote atakayeomba.

Kushoto ndani 10.6, nje 10.5. Kulia ndani 10.5, nje 10.5. Dashibodi 179,510.